Timazi

Walinitia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini,
wakanilaza ubavu kama mlango uliochomolewa mfuoni.
Masikio hawakuyatia. Nikadhani wamesahau.

Nje, theluji ya Yokote ilikuwa imefika madirishani.
Ndani, Daktari Isogai, mwanamke mfupi
aliyepanda kijukwaa ili anifikie,
alikaza kwenye mfupa wa nyonga yangu
kidude kidogo kama kiberiti.
"Hiki kitajua ukisogea," alisema. "Hata kidogo."

Mimi ni seremala wa milango, miaka hamsini na miwili.
Nikauliza kutoka nyuma ya pazia: kinajuaje?
Akanyamaza, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.
"Kinahisi ardhi inavyokivuta.
Na kikigeuzwa, kinahesabu kimegeuka kiasi gani."

Basi ni timazi, nikasema.
Timazi isiyo na uzi.
Muuguzi Chihaya akacheka ndani ya barakoa.

Ya baba ilikuwa ya shaba.
Jicho lina huruma, alizoea kuniambia,
litakudanganya kwa kukupenda.
Shaba haimpendi mtu.

Thelathini na sita.
Arobaini na mbili, imezidi. Rudi.
Arobaini.
Mbele, kumi na nane. Kumi na tano. Hapo, hapo.

Waliitana namba juu ya mwili wangu
kama mafundi wawili wanaopachika fremu,
mmoja ndani ya chumba, mmoja barazani,
na kikombe cha chuma kikatafuta mahali pa kukaa.
Kisha nyundo.

Nyundo naijua.
Kitu kikiwa bado na nafasi hulia ko,
mlio mnene, wa tumbo tupu;
kikishakaa, mlio hupanda na kukauka.
Pigo la sita: ko.
La saba: ko.
"Bado," nikasema.
Chumba kizima kikanyamaza.
"Bado moja, Daktari."

Akapiga.
Ki.

Hakuna aliyenijibu. Kidude kilisomwa upya,
arobaini, kumi na tano,
na nikamsikia mtu akishusha pumzi.

Kwa miaka thelathini mguu wangu wa kushoto
ulikuwa mfupi kwa unene wa kidole.
Fusae alinitambua gizani kwa hatua,
nzito, nyepesi, nzito.
Usiku wa kwanza niliporudi kutoka hospitali
aliuliza, "Nani huyo?"

Mwezi wa Machi, paa likichuruzika,
nilivuka kizingiti bila mkongojo
na mguu ukaniambia: hapa si sawa.
Kizingiti nilichokichonga mwenyewe,
mwaka ule nyonga ilipoanza kuniuma.
Nikaleta pimamaji, nikainama polepole
jinsi walivyonifundisha.
Kitone cha hewa kikakimbilia kushoto,
kikatulia huko bila haya.

Kushoto kumeinuka. Unene wa kidole, au karibu.
Niliipimia nyumba mwili wangu
nikaiita nyoofu.

"Kumbe ndiyo maana mlango hujifunga wenyewe,"
Fusae alisema nyuma yangu, chai mkononi.
"Miaka yote nilidhani ni upepo."
Kisha: "Utakirekebisha?"

Randa ipo. Mbao ya mierezi ipo, kavu.
Niliifuta pimamaji kwa pindo la shati,
nikasimama juu ya kizingiti, jambo alilokataza baba,
mguu mmoja juu, mmoja chini,
nikausukuma mlango hadi mwisho, nikauachia,
nikautazama ukirudi.