Mkono wa Kushoto

Fomu ya kupanga nyumba inauliza: kazi yako?
Nimeandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena.
Nje, Galway inanyesha ile mvua yake ya ubavuni
isiyojua kubisha hodi.

Mwezi wa tano nilichana tiketi mlangoni, siku kumi na moja.
Mwezi wa sita nilipanga viti hemani, mia mbili na arobaini,
nikavipangua, nikavipanga upya
kwa sababu mpiga fidla alitaka duara.
Baada ya hapo nilikuwa "yule wa koti la njano."
Jina langu ni Sorcha. Hakuna aliyeliuliza,
nami simlaumu mtu: ya nini kulikariri jina
la mtu anayekwisha Jumapili?

Nalala kwa Bi Dympna, mtaa wa Bohermore,
chumba cha mwanawe aliyehamia Perth.
Vikombe alivyoshinda kwa mchezo wa magongo
vinanikodolea nikivua soksi.
Kila asubuhi Bi Dympna anauliza, "Bado upo?"
Si kwa ubaya. Ndivyo anavyouliza hata maziwa.

Sasa nina kazi mpya, hadi tarehe ishirini na nane:
mimi ni mkono wa jitu.
Jitu la karatasi, gundi na mianzi, kimo cha ghorofa mbili,
watu sita tumboni na ubavuni mwake.
Fiachra ndiye kichwa, na kweli kimemvimba.
Wawili ni miguu. Mmoja ni moyo, yaani betri na taa.
Mkono wa kulia ni wa Ludmila, mtu wa Brno,
aliyewahi kuwa nusu ya punda huko Avignon
na theluji huko Linz, majuma sita juu darini
akimwaga vipande vya karatasi.
Wa kushoto, ule usiopokelea zawadi, nikapewa mimi.
"Mji ni kama fimbo hii," Ludmila akaniambia.
"Ukiukaba sana, unakuchubua kiganja."
Kisha akanikopa yuro tano.

Mama alipiga simu kutoka Cavan.
"Hiyo ni kazi au ni mchezo?"
Inalipa, nikasema. Sikusema lini.
"Mkono mtupu haulambwi," akasema, akakata.

Jumamosi tukaiteremka barabara ya maduka.
Unadhani mkono huona kitu?
Niliona mawe ya barabara, mgongo wa Ludmila,
maji yakinichuruzika hadi kwapani.
Umati niliusikia tu, kama redio ya jirani.
Halafu fimbo ikawa nzito.

Mtu ameshika kidole.
Jitu likasimama, nyuma yetu ngoma zikagongana,
Fiachra huko juu anafoka, "Mkono! Mkono!"
Nikakishusha kile kiganja kipana kama mlango
na uzito ukapanda kwenye mwanzi,
ukapita begani, ukanikalia kifuani.
Mtoto. Kilo kumi na tano hivi, pamoja na mabuti.
Hakutaka kuachia.
"Mwachie, Tadhg," sauti ya bibi mmoja,
"mwenzio yuko kazini."

Tangu mwezi wa tano hakuna aliyenigusa
ila wale wanaonifunga utepe kwenye kifundo.
Ninazo tepe saba. Sijakata hata moja.

Usiku nikatembea hadi Salthill, mwisho wa njia ya ufukweni,
penye ukuta ambao wenyeji huupiga teke
kabla ya kugeuka kurudi. Ukiwauliza kwa nini, hawajui.
Mara zote nilizofika niligeuka hatua mbili kabla,
kama mgeni anayekataa chai ya pili.
Safari hii nikaupiga. Buti lilijaa maji, likatoa sauti ya chura.
Mzee mwenye mbwa akaja, akaupiga wake,
hakunitazama hata kidogo.
Nilifurahi sana kwamba hakunitazama.

Kazi yako? *Mkono*, nimeandika, kwa wino.
Mwenye nyumba hajajibu, na sidhani atajibu.

"Bado upo?" Bi Dympna, asubuhi, kichwa ndani ya friji.
"Nipo," nikasema.
"Maziwa ndiyo yameisha."