Bawaba

Saa kumi na mbili kasorobo, jogoo wa Kiyemba hajamaliza,
kipaza sauti kwenye mlingoti wa mkaratusi kinakohoa,
na sauti ya Nambozo inashuka bati kwa bati:
Amepotea mbuzi jike, sikio la kushoto limechanika.
Mazishi ya baba yake Ssalongo ni kesho, Luweero,
basi linaondoka saa mbili, halingoji mtu.
Wezi wenye ngazi wameonekana nyuma ya kanisa.
Fungeni. Hakikisheni mmefunga.

Hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikiingojea.
Chai haijapoa, simu tatu:
Ssebo fundi, njoo upime dirisha.

Nimezifunga nyumba za Bweyogerere, kichochoro kwa kichochoro.
Nondo za milimita kumi na mbili, nafasi ya kiganja kimoja;
kichwa cha mtoto hakipiti, sembuse bega la mwizi.
Mwenye pesa nilimwongezea maua ya chuma,
asiye nazo nilimchorea mistari tu, kama daftari.
Nilizoea kusema: hata mimi niliyezichomelea, sizivunji.
Watu walicheka, wakalipa nusu,
nusu mwisho wa mwezi.

Jumanne ile umeme ulikatika.
Nakitende yuko zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
anapokea watoto wa watu.
Wake wawili amewafungia kwa kufuli, kwa nje,
kwa sababu ya wale wenye ngazi.
Mshumaa juu ya kifuniko cha kopo. Pazia la nailoni.

Nambozo hakungoja alfajiri.
Saa tano usiku, kwa betri ya gari, kipaza sauti kikapasuka:
Moto kwa Nakitende! Leteni maji, leteni mchanga,
mwiteni fundi!

Mwiteni fundi.
Mashine ya kukatia, bila umeme, ni jiwe lenye waya.
Nilibeba mtaimbo.
Mikono midogo ilikuwa imetoka kati ya nondo hadi kwenye viwiko,
na hapo ikakwama.
Tulivuta, mimi na Opolot wa bodaboda
na mchungaji aliyekuja bila viatu.
Chuma kikakataa.
Kilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote.

Mungu ambariki Wafula, mwashi aliyepunja saruji.
Ukuta ulikubali kabla ya chuma.
Dirisha zima likaanguka nje pamoja na fremu yake, na maua yake,
na nyuma yake wakatoka Babirye na Kizza wakikohoa,
Kizza ameshikilia kiatu kimoja cha shule,
hataki kukiachia hata kwa daktari.

Tangu siku hiyo napita nyumba hadi nyumba.
Kila nyumba dirisha moja, bure:
nakata, natia bawaba mbili na komeo kwa ndani,
ufunguo kwenye uzi mwekundu,
msumari usizidi kitovu cha mtoto mdogo.

Bwana Tumuhairwe alinizuia getini.
Fundi, sasa unawafungulia wezi?
Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.
Nilimwomba azime taa, amwite kitinda mimba wake,
amwambie atoke, kisha ahesabu kwa sauti.
Alipofika hamsini na tatu sauti ikamkauka.
Mtoto alikuwa bado anapapasa ukuta,
anacheka, akidhani ni mchezo.
Niliunganisha mashine.

Kwa Nakitende sikutoza, wala sikuombwa.
Aliniwekea kiti, akaniletea maji ya kunawa,
akasimama kunitazama nikipima.
Aliuliza neno moja tu: Linafunguka?
Nikafungua. Nikafunga. Akasema: tena.
Nilifungua mara saba.

Leo asubuhi Nambozo amekohoa kama kawaida.
Maji yatakatika kuanzia saa nne.
Fungeni, amesema, kisha akanyamaza kidogo,
na mnajua mmeweka wapi ufunguo?
Yule mbuzi amepatikana, hai, amekonda.
Siku zote hizo alikuwa ndani ya ua wa Bwana Tumuhairwe,
nyuma ya tangi.
Geti lilikuwa limefungwa vizuri sana.