Kimya cha Safu ya Saba

Ofisi yetu iko Nkuhungu, juu ya duka la saruji.
Upepo wa Julai unapenyeza vumbi hadi kwenye kibodi.
Kila usiku saa nane programu yangu huwanakili
wakulima wa zabibu, elfu tatu na ushei,
kutoka simu za makarani kwenda daftari kuu,
safu kwa safu, kama mtu ahamishaye mayai gizani.

Jumatatu akapiga Chilongani wa Mpunguzi:
"Mmenifanyaje? Nina miche mia nne na kumi na miwili,
karatasi yenu yasema sina hata mmoja.
Majirani wamepewa mbolea, mimi naambiwa nikalime mtama."

Nikafukua. Karani alipopita kwake
aliandika namba mpya ya simu, basi.
Mengine hakuuliza, bodaboda ilikuwa ikimsubiri.
Penye miche akaacha wazi,
na programu yangu, mtiifu kuliko mimi,
ikaubeba ule uwazi, ikaumwaga juu ya shamba zima,
halafu, kwa adabu zake, ikauita sifuri.

Sifuri ni jibu. Sifuri amehesabu, akakosa.
Hapa hakuna aliyehesabu.
Nikaongeza mstari mmoja:
kisichokuja na kitu, kisiguse kitu.
Nikanywa chai, nikajiona fundi.

Mwezi ukapita. Akaja mwenyewe,
viatu vimeshika udongo mwekundu. Kiti hakutaka.
"Safu ya saba," akasema. "Jina la mwenza.
Karani alilifuta mbele yangu, nilimwona.
Mbona kila mkituma ujumbe mnamsalimu Nyendo?"

Walimzika siku tatu baada ya ile simu.
Karani aliacha wazi, safari hii makusudi,
na mstari wangu, kila saa nane ya usiku,
ulikuta uwazi, ukapita kando kwa heshima,
ukamwacha Nyendo hai.

Jioni umeme ukakatika.
Nikaandika nyuma ya risiti ya saruji:
kuna kimya cha asiyeulizwa
na kimya cha aliyekwisha kusema.
Vikifika kwangu, vyote vina uso mmoja.

Sasa kila safu ina kisanduku pembeni: *aliulizwa?*
Makarani wananung'unika, kazi imeongezeka.
Miche ya Chilongani imerudi yote.
Safu ya saba sikuiachia programu;
niliifuta kwa kidole changu,
herufi moja moja, kuanzia nyuma,
hadi ikabaki N,
nikakaa nayo kidogo.