Baiskeli ya Kusukuma

Som elfu ishirini na nane,
ndani ya bahasha isiyo na anwani.
Miaka kumi na saba nimegonga mihuri posta ya Kochkor;
barua za watu zimefika mbali kuliko mimi.

Mwezi wa saba nataka kuvuka milima
hadi Song-Kul, nishuke Naryn,
kisha popote barabara itakapochoka:
kilomita mia nne na ushee za kokoto,
matope na nyayo za kondoo.
Mume wangu akasema, "Perizat, nunua farasi."
Farasi hula hata siku usiposafiri, nikamjibu,
nikapanda basi la saa kumi na moja alfajiri.

Bishkek, soko la makontena.
Ermek ana meno mawili ya dhahabu
na baiskeli zinazoning'inia kama nyama buchani.
Akashusha ya kwanza: mpya, nyekundu,
springi mbele, springi nyuma,
maandishi mpaka kwenye rimu.
Niliukandamiza usukani, ikabonyea, ikalia
kama kitanda cha hospitali ya wilaya.
Kizuri chajiuza, na hii ilikuwa ikijitembeza.
Nikainyanyua. Uzito wa ndama.
Gia ishirini na nne, na hata moja
haikuwa nyepesi ya kutosha kwa magoti yangu,
yaliyotimiza miaka hamsini na mmoja kabla yangu.

Ya pili, kaboni, iliachwa na Mjerumani
aliyerudi kwao kwa ndege, mkono kwenye plasta.
Niliibeba kwa vidole viwili.
Nikaigonga kwa ukucha kutoka shingoni kushuka,
kama mtu achaguaye tikiti maji:
ti, ti, ti, ti,
to.
Ermek akatazama dari.
Ikipasuka huko juu nitaiunga kwa nini,
gundi ya stempu?

Ya tatu ilijificha nyuma ya rundo la matairi.
Kijani kilichofifia, chuma kitupu,
uma wa mbele mgumu kama mama mkwe.
Breki za waya. Kiti kimechanika.
Kutu ilikuwa kwenye skrubu, si kwenye maungio;
nilipitisha kidole kila pembe.
Ina matundu ya kufungia keria, mbele na nyuma,
mtu fulani aliwahi kuifikiria safari.
Nikazungusha gurudumu, nikainamisha sikio:
mchanga kidogo kwenye beringi.
Mchanga hutoka.
Na kila kijiji kati ya hapa na mpaka wa Uchina
kina mtu wa kuchomelea majembe ya trekta.

"Ipande basi," akasema. "Zunguka uwanja."
Sikuipanda.
Nilimwazima gunia lake la viazi, nikalifunga nyuma,
nikaisukuma kupanda daraja la waenda kwa miguu,
ngazi hamsini na mbili,
wauza soksi wakicheka hadi wakakosa wateja.
Kule juu nikashusha pumzi.
Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti,
na pedali haikuwa imenigonga muundi hata mara moja.

Alitaka elfu kumi na tisa. Nikataja kumi na nne.
Akashika moyo. Nikashika mlango.
Kumi na sita, na viazi vyake nikamrudishia.
Sehemu kubwa ya zilizobaki ikaishia kwenye matairi mapana,
mnyororo mpya, pedi za breki,
maana cha rahisi huwa ghali zaidi
pale kinapogusa ardhi.

Leo ni tarehe tisa. Mita elfu tatu na mia tatu,
mvua ya mawe imetoka kupita,
barafu bado inayeyuka ndani ya kola.
Tangu saa nne asubuhi sijakalia kiti.
Vijana wawili wamesimamisha gari, wameshusha kioo:
"Mama, imeharibika?"

Hapana, nimewaambia.
Inafanya kazi.