Ripoti ya Jumatatu

Kila Jumatatu, kabla chai haijapoa,
Marlys Tkachuk hujaza fomu ya wilaya:
ngano, kiasi gani kimevunwa;
shayiri, hali yake; dengu, kama zimekwisha;
udongo, una maji au una kiu.
Mwaka wa kumi na tisa huu. Mshahara hakuna.
Krismasi hutumiwa kofia.

Leo ni tarehe tano Septemba, Saskachewani.
Jua limetoka jekundu kama jicho la mkesha
kwa moshi wa misitu inayoungua huko kaskazini,
na chini ya moshi ngano haina haraka.
Juzi alitia punje mdomoni, akaibana kwa gego.
Ilibonyea. Haikulia ko.
Kipimo kikasema kumi na sita nukta mbili,
na ghala la reli linataka kumi na nne na nusu.
Jino na mashine hawakubishana.

Basi ni kungoja. Umande hadi adhuhuri,
kisha kazi ya saa saba, nane ukibahatika,
kombaini ikimeza masuke, ikitema makapi,
vumbi likipenya hata ndani ya kioo cha saa.
Mchumia juani hulia kivulini:
kivuli alicho nacho ni cha gurudumu,
na mkate una mchanga.

Anaandika. Ngano, asilimia arobaini na moja.
Shayiri imekwisha, nyepesi.
Dengu, panzi walitangulia.
Anafika kwa Orville Friesen, kalamu inasita.

Kwa Orville mvua ya mawe ilipita Agosti,
dakika kumi na moja, upana wa maili moja,
kama mgeni aliyepewa anwani.
Upande huu wa barabara masuke yamesimama.
Upande ule mabua yamelala, yamekatika vipande,
punje zimezama topeni,
na mabata bukini ndio wavunaji.

Sasa: shamba lisilobakiwa na cha kuvunwa,
je, limevunwa?
Sifuri, maana hakuna kilichoingia ghalani?
Au mia, maana hakuna kazi iliyosalia?
Anampigia simu.

"Andika mia," Orville anasema.
"Mwaka huu nimewapiku wote. Nimemaliza wa kwanza."
Anacheka peke yake, kisha hacheki.
Nyuma yake redio inasoma bei.

Katika lugha yangu neno ni moja,
ngano ya kupura na ngano ya kusimulia.
Marlys hajui hilo. Ana mistari miwili ya maelezo,
na mmoja ameshautumia kwa moshi.
Anaandika sifuri. Anafuta. Karatasi inachanika kidogo.
Anaandika: *Friesen, tazama mvua ya mawe,*
na nafasi inaisha.

Jioni ile utabiri ukageuka: mvua Jumatano, siku tatu.
Saa mbili usiku taa zikaja barabarani,
za juu mno kuwa gari.
Orville hakuzima injini wala kusalimu.
"Mashine ikisimama sana inajifunza uvivu," alipaza sauti,
akaingia mistari ya mashariki bila kuonyeshwa.

Taa mbili, kwenda na kurudi,
kila moja na wingu lake la vumbi.
Mtoto wa Marlys, Tegan, miaka kumi na nne,
aliendesha lori la nafaka akiwa amekalia mto wa kochi.
Saa nane umande ukashuka, masuke yakawa ngozi,
kombaini zikaanza kukohoa. Wakaacha.

Asubuhi alipiga simu ofisini kusahihisha:
si arobaini na moja, arobaini na sita.
Hiyo tano imevunwa na nani, fomu haiulizi.

Lakini usiku ule, kabla ya kupanda ngazi kurudi kwake,
Orville alivua buti, akaligeuza juu chini,
punje zikamwagika kiganjani, chache, si zake.
Alizitazama chini ya taa ya lori.
Akatia moja mdomoni.
Ikalia ko.
"Zimekauka," alisema,
akavaa buti.