Kilima cha Mezani

Bogumił ameniharibia kisu cha mkate,
tena kile kizuri, cha mpini wa mfupa.
Anakatia povu, lile gumu, la waridi,
mabaki ya mafundi walioivika nyumba yetu koti
mwaka ule baridi ilipotoboa ukuta.
Punje zake zimeenea: kwenye zulia, kwenye nyusi,
jana nimeopoa moja ndani ya supu.

Mjukuu wetu Tymek ana majeshi,
askari warefu kama kidole gumba,
na jeshi lisilo na kilima, anasema,
linapigania kitambaa cha meza tu.
"Babu, nitengenezee mlima."
Amemwambia nani!
Mtu aliyekaa tumboni mwa mlima miaka ishirini na sita,
hapa hapa Wałbrzych, kabla migodi haijafungwa.

Hachongi kama watu. Anabisha kwanza
kwa kifundo cha kidole, anatega sikio,
kana kwamba povu lina la kumjibu.
Kisha waya wa moto, na ule moshi mchungu
(fungua dirisha, mzee, hapa si shimoni);
kisha anaifinyanga karatasi ya fedha iliyofunga soseji,
anagandamiza, anagandamiza,
mpaka uso laini unaota makovu ya jiwe.
Rangi ya kupuliza aliijaribu mara moja:
ikala mteremko mzima, ikaacha kidonda.
Sasa ni gundi na wino mweusi, taratibu,
halafu kijivu, brashi ikiwa kavu,
inagusa na kukimbia.

Ndani, katikati ya tabaka mbili,
mahali ambapo hakuna jicho litakalofika,
amepitisha mstari wa makaa.
Nimeuona kabla hajabandika. Sikuuliza.

Njia ya chini nayo ameitoboa.
Tymek akashangilia: "Hapa nitawanasa!"
Mzee akageuza kilima. Tundu la pili,
upande wa nyuma, pana kuliko la kwanza.
"Shimo la mlango mmoja ni kaburi," akasema,
"na humu mwangu dadu haiui mtu."
"Lakini babu, sheria..."
"Sheria ni za juu ya meza. Huku ni chini."

Usiku nimefagia waridi lote la sakafuni.
Nikainama, nikachungulia tundu moja,
nikaiona taa ya jikoni upande wa pili.

Kisu nitanunua kingine.