Kichupa cha Tatu

Vichupa sita juu ya meza, Chake,
na mwandiko wangu kwenye kila kimoja:
jina, tarehe, shehia.
Umeme ulikatika saa nne,
ukarudi saa tano kasorobo.

Kile cha mtoto nilishakijua: Mbwana, miaka saba,
siko seli, kairithi pande zote mbili.
Kile cha Bizume, mama yake, kimebeba upande mmoja,
kama tulivyotaraji.
Kile cha Shaame Faki
hakina kitu.

Nikapima tena. Nikabadilisha dawa, nikapima tena.
Mashine haina haya, haimjui mtu,
haikumwona Shaame msimu wa karafuu
akishuka mtini pishi hazijatimia
kwa kuwa mtoto analia viungo huko nyumbani,
akambeba mgongoni kutoka Ole Kianga hadi barabarani,
mara ya tisa mwaka huu.

Mimi fundi wa maabara. Nilisomea rangi na darubini,
nilisomea kuhesabu. Hili sikulisomea.
Bibi yangu, ambaye hakusoma chochote,
akiwasikia wanawake wananong'ona uwani
alikuwa na kauli moja:
kitanda hakizai haramu.
Kisha anaendelea kukuna nazi.

Leo kitanda kimepata mshindani,
friji yenye namba za siri
na fomu ya kurasa nne, ya wageni wa utafiti:
damu itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye.
Baadaye ipi? Haikuandikwa.
Bizume alitia dole gumba.
Niliyemsomea ni mimi,
mbio mbio, foleni ilikuwa ndefu.

Jumatatu Shaame akaja, vidole vyeusi kwa utomvu wa karafuu.
Nikaanza: "Bwana Shaame, damu yako..."
Akainua kiganja.
"Mie nauliza mtoto atapata dawa lini.
Ya damu yangu sikuuliza."
Akanitazama kitambo,
kama mtu aliyejua zamani kina cha kisima
bila ya kuteremsha kamba.

Nikampa karatasi ya mtoto peke yake,
nikamwonesha dirisha la dawa.
Mbwana, mgongoni, akanipungia kandambili.

Karatasi ya baba ningali nayo, mfukoni mwa koti jeupe.
Naweza kuichana sasa hivi.
Lakini ile ya kwenye kompyuta
ilishakwenda zake ng'ambo, na jina lake kamili,
saa tano kasorobo,
umeme uliporudi.